Wageni Wenye Ujuzi na Sheria ya Kuwaweka
Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Lindi, Kibera



Kamati imetuagiza tuseme machache juu ya jambo lililoleta mabishano makali katika mikutano yetu ya mwaka huu. Jambo lenyewe ni hili: nchi ifanye nini na watu waliozaliwa nje ya mipaka yake, wenye elimu ya sayansi na uhandisi, waliokwisha kufika kwetu na ambao ingetufaa wabaki? Wako wenzetu waliosema kwamba swali hili si la Lindi. Walisema Lindi yataka maji, vyoo na taa, na habari za mainjinia wa kigeni ni za Wizara. Twawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Maji, vyoo na taa ndizo kazi za mainjinia. Tena sijui kama uko mtaa mwingine katika Nairobi unaojua kuliko huu wetu maana ya mtu kuitwa kwa ajili ya ujuzi wake, kisha akaachwa bila karatasi.

Wazee waijua habari hiyo kuliko sisi, ila kwa ajili ya vijana tutaitaja. Wanubi wa kwanza walifika hapa wakiwa askari wenye asili ya Sudan. Walitakiwa kwa ujuzi wao wa vita, wakaingizwa katika jeshi la King's African Rifles, lililoundwa mwaka wa 1902. Mwaka wa 1918 ardhi ya Kibera, kadiri ya ekari 4,197, ilitengwa rasmi kwa ajili ya jeshi hilo, nao wakaambiwa wakae. Hati ya kumiliki hawakupewa, wala hawakuambiwa waziwazi kama wao ni wageni au wenyeji. Uhuru ulipokuja, wajukuu wao walipoomba kitambulisho waliitwa mbele ya kamati ya msasa, wakaulizwa babu yao alizikwa wapi. Mwaka wa 2011 Kamati ya Wataalamu wa Afrika juu ya Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba haki ya watoto wa Kinubi ya kuwa na uraia ilikuwa imevunjwa. Mwezi wa Juni 2017 jamii yao ilipewa hati ya ekari 288. Kutoka 1918 hata 2017 ni miaka 99, muda ule ule ambao serikali hukodisha shamba.

Mtu aweza kusema kwamba askari si mwanasayansi. Ni kweli. Lakini aliyeitwa kwa kazi yake, kisha asijue kama kesho atakuwa mwananchi au mgeni, huishi kwa namna moja, awe ameshika bunduki au kipimo cha ardhi. Hajengi nyumba ya mawe. Hapandi mwembe.

Sasa na tutazame reli, ambayo treni yake hupita katikati ya Kibera hata leo. Ilipojengwa kutoka Mombasa, kati ya mwaka wa 1896 na 1901, waliletwa kutoka Bara Hindi watu wapatao 32,000. Kiasi cha 2,500 walikufa, wengi wakarejea kwao, na kiasi cha 6,700 wakabaki. Miongoni mwa waliobaki walikuwamo waashi, maseremala, wahunzi na makarani. Hao na ndugu zao waliofuata baadaye walifungua karakana, na katika karakana hizo Waafrika wengi walishika nyundo na bisibisi kwa mara ya kwanza. Mnajua walivyolipwa. Mishahara ilipangwa kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, na mara nyingi Mwafrika alibeba sanduku la vyombo miaka kumi bila kuonyeshwa mchoro. Hili tusilifiche. Wala tusifiche kwamba fedha za jumuiya ya Wahindi, zilizochangwa kwa kumbukumbu ya Gandhi, zilisaidia kujenga chuo cha ufundi kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza Nairobi mwaka wa 1956, chuo ambacho mwaka wa 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Nairobi. Mainjinia wa Kenya, Uganda na Tanganyika walifundishwa hapo.

Tulipopata Uhuru tarehe 12 Desemba 1963, wasiokuwa raia moja kwa moja walipewa miaka miwili waombe uraia. Wengine waliomba. Wengi walisitasita, wakiwa na pasipoti ya Kiingereza mfukoni na duka au karakana hapa. Mwaka wa 1967 ikaja Sheria ya Uhamiaji, nayo ikasema kwamba asiye raia hana budi kuwa na kibali ili afanye kazi, hata kama alikuwa na cheti cha ukaazi cha zamani. Kibali kilitolewa pale ambapo raia wa kuifanya kazi hiyo hakupatikana. Watu wakaanza kuondoka, na Uingereza nayo, kwa kuogopa wingi wao, ikafunga mlango kwa sheria iliyopitishwa haraka sana na kuanza tarehe 1 Machi 1968. Hesabu ya watu ya mwaka wa 1962 ilionyesha watu wa asili ya Bara Hindi wapatao 176,000 katika Kenya. Ile ya 1969 ikaonyesha kama 139,000.

Katika mabishano yetu mzee mmoja aliuliza kama sheria ile ya 1967 ilikuwa mbaya. Tulimjibu, na leo twarudia, kwamba haja yake ilikuwa ya haki. Nchi haikuweza kuwa huru huku kila meza ya karani na kila benchi ya fundi imeshikwa na asiye raia, na kijana wa Kiafrika yuko mlangoni na cheti chake. Kosa lake lilikuwa jingine. Sheria ilitazama pasipoti, ikaishia hapo, haikuuliza, “Wewe umemfundisha nani?” Yule injinia au fundi mkuu aliyehitajika hasa alipewa kibali cha muda mfupi, kisha aombe tena, kisha aombe tena. Mtu wa namna hiyo hanunui mashine mpya ya kukerezea chuma. Hachukui mwanagenzi ambaye mafunzo yake yataka miaka mitano. Na mwanawe aliyekwenda London kusomea uhandisi harudi. Kwa hiyo aliyetakiwa aondoke aliondoka, na aliyetakiwa abaki akaondoka pia, ila alichelewa kidogo.

Uganda yalikuwa mabaya zaidi. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Wahindi wenye pasipoti ya Kiingereza waondoke, akawapa siku 90. Ikasemwa kwamba wenye taaluma, kama madaktari, mainjinia na waalimu, wangeachwa. Amri ikageuzwa, ikageuzwa tena, na wenyewe hawakungoja waone mwisho wa kugeuzwa. Watu wapatao 28,000 walipokewa Uingereza, na maelfu wengine Kanada. Tangazo la kwamba daktari abaki lina faida gani, ikiwa jirani zake wote wanafunga mizigo?

Hapo, Mheshimiwa Mwenyekiti, ndipo tunapoona kiini cha jambo hili. Mtu mwenye ujuzi hashikwi kwa mshahara peke yake. Hushikwa na kujua atakuwa wapi baada ya miaka kumi.

Nchi kubwa nazo zahangaika na swali hili. Marekani hutoa vibali maalumu kwa wafanyakazi wenye elimu ya juu wa makampuni, 65,000 kila mwaka na 20,000 zaidi kwa waliopata shahada za juu katika vyuo vya huko huko, na mwanafunzi wa sayansi akimaliza masomo huruhusiwa kukaa kwanza afanye kazi ya mafunzo. Lakini ukaazi wa kudumu hugawanywa kwa kutazama nchi ya kuzaliwa, hata injinia wa Kihindi aweza kungoja miaka mingi, akilipa kodi na kulea watoto, bila kujua mwisho wake. Mwezi wa Septemba 2025 Rais wa nchi hiyo alitoa amri kwamba maombi mapya ya vibali hivyo yalipiwe dola 100,000. Ujerumani imekwenda njia nyingine. Sheria yao iliyoanza Machi 2020 iliwafungulia mlango mafundi na wataalamu, na mgeni aliyehitimu katika vyuo vyao hupewa miezi 18 ya kutafuta kazi. Septemba 2024 waliandikiana mapatano na serikali yetu ili Wakenya wenye ujuzi wapate kwenda kufanya kazi kwao. Watoto waliosomeshwa kwa michango ya harambee, pamoja na michango ya chama hiki, sasa wanajifunza Kijerumani jioni. Hatuwalaumu. Twasema tu kwamba Wajerumani wamelijua jambo ambalo sisi bado tunalijadili.

Na sheria yetu je? Kwa maandishi si mbaya hata kidogo, na twawasihi wanachama wasiihukumu kabla ya kuisoma. Katiba ya 2010 yasema kwamba aliyekaa kihalali miaka saba aweza kuomba uraia, nayo yaruhusu uraia wa nchi mbili, hata mtu asilazimike kuikana nchi ya mama yake ili awe Mkenya. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inampa nafasi ya ukaazi wa kudumu aliyekuwa na kibali cha kazi kwa miaka saba, naye amekaa mfululizo miaka mitatu ya mwisho. Anayeomba uraia kwa ukaazi yampasa awe anaelewa na kusema Kiswahili au lugha mojawapo ya wenyeji. Sharti hili latupendeza sana. Injinia wa mifereji asiyeweza kuzungumza na akina mama wa Lindi kisimani atachimba mfereji mahali ambapo mvua haipiti.

Sisi tuliosoma katika shule zilizoanzishwa na misheni twajua mfano mmoja wa mgeni aliyeshikwa vizuri, ijapokuwa hakushikwa na sheria. Carey Francis alikuwa mwalimu wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Aliacha kazi hiyo akaja Maseno mwaka wa 1928, akawa mkuu wa Alliance kutoka 1940 hata 1962, na alipostaafu hakurudi Uingereza. Alikwenda kufundisha katika shule ya Pumwani, hapa Nairobi, mpaka alipofariki mwaka wa 1966. Wako wanaosema alikuwa mkali kupita kiasi na mwenye mawazo ya kizamani, na huenda wasema kweli. Lakini hesabuni mainjinia na madaktari wa kwanza wa nchi hii, mwone wangapi walipita mikononi mwake.

Mfano wa pili ni wa wageni waliokwenda zao, na ujuzi ukabaki. Chuo cha Juja, kiitwacho kwa jina la Jomo Kenyatta, kilifunguliwa 1981 kwa msaada wa Japani. Walimu wa Kijapani walifanya kazi bega kwa bega na Wakenya, na Wakenya wengine wakapelekwa Japani kusoma, kisha wakarudi kushika madarasa. Twautaja mfano huu ili tusije tukadhani kwamba kila mgeni lazima ashikwe hata kufa kwake. Linganisheni na madaktari 100 wa Cuba waliofika Juni 2018. Walikuja kwa mkataba wa serikali mbili, wakagawanywa katika kaunti, wawili wao wakatekwa Mandera mwezi wa Aprili 2019, na mwaka wa 2023 serikali ikatangaza kwamba mkataba hautaendelea. Hatusemi hawakutibu watu. Twauliza ni njia gani angepita daktari mmoja miongoni mwao, kama angependa kubaki Garissa maisha yake yote.

Lile swali gumu hatutalikwepa: kwa nini tuwashike wageni, ilhali vijana wetu wenye digrii ya uhandisi wanauza mitumba Toi? Aliyeuliza alikuwa na haki ya kuuliza, maana mwanawe ni mmoja wao. Jibu letu ni kwamba tutofautishe. Yuko mgeni anayekuja na kampuni kuwa msimamizi wa kazi ambayo Mkenya aweza kuifanya kesho asubuhi. Huyo sheria imnyime kibali, na sisi tutapiga makofi. Yuko mwingine ambaye kazi yake huzaa kazi. Reli mpya ya Mombasa ilipofunguliwa tarehe 31 Mei 2017, Wachina walikuwa wengi katika uendeshaji wake, lakini Wakenya, wasichana wakiwamo, walikuwa wamefundishwa kuendesha treni, na kazi zimekuwa zikirudi mikononi mwao mwaka baada ya mwaka. Kipimo kiwe hicho: ni nani amefundishwa? Kibali cha injinia anayeonyesha wanagenzi wake kiwe kirefu. Cha yule asiye na mwanagenzi kiwe kifupi.

Sasa tuje kwa jirani zetu wa Kawangware, ambako jambo hili halisomwi magazetini bali laonekana njiani. Wanaishi huko Wakongo, Warundi na Wanyarwanda wengi waliokimbia vita. Miongoni mwao wako waliokuwa mafundi wa umeme wa migodi, wapimaji wa ardhi, wakemia, waalimu wa fizikia. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi au kushika taaluma yake, mradi vyeti vyake vimetambuliwa na wenye mamlaka ya Kenya. Lango liko katika neno hilo, kutambuliwa. Cheti ni cha Kifaransa, na tafsiri yataka fedha. Chuo kilichokitoa kiko Bukavu au Goma, na barua haijibiwi. Wakati wa kungoja, mpimaji wa ardhi anakata nywele, na mkemia anauza vitenge. Sheria hiyo hiyo yamruhusu mkimbizi kutoka nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuiacha hali ya ukimbizi kwa hiari yake, apate haki za raia wa Jumuiya. Lakini ni hatua nzito, maana akiiacha ameuacha pia ulinzi wake, na twaonya mtu asiichukue bila kushauriwa na mwanasheria. Tena mainjinia wa Kenya, Uganda na Tanzania waliandikiana mapatano ya kutambuana mwaka wa 2012, kabla Kongo haijaingia Jumuiya mwaka wa 2022.

Tena liko jambo la wanafunzi wa kigeni. Kutoka Sudan Kusini, Kongo na Somalia vijana wanasomea uhandisi katika vyuo vyetu, wanajifunza Kiswahili chetu, wanaijua njia ya maji ya Nairobi kuliko sisi. Pasi ya mwanafunzi hufungamana na masomo. Masomo yakiisha, naye anahesabiwa amekwisha. Ujerumani humwambia kijana kama huyo, “Kaa miezi 18, utafute.” Sioni sababu ya sisi kutosema hivyo.

Mwisho wa mambo yetu ni la nyumbani, nalo ndilo lililotuuma zaidi. Mwaka huu lililetwa mbele ya Kamati shauri la kijana wa hapa Lindi, aliyezaliwa hapa, mwenye diploma ya umeme. Kampuni moja ilimkubali kwa mafunzo ya kazi. Walitaka kitambulisho. Afisi moja ikamtaka alete cheti cha kuzaliwa cha babu yake, mtu aliyezaliwa wakati ambao Waafrika hawakuandikishwa. Alipomaliza kuzunguka, nafasi ilikuwa imepewa mwingine. Baba yake ameturuhusu tuseme haya bila jina. Kijana huyo si mgeni. Ila alihesabiwa kama mgeni, na injinia mmoja akapotea kabla hajawa injinia. Tangazo la Rais la Februari 2025, lililotolewa Wajir, lilikusudia kukomesha msasa wa ziada kwa jamii zilizokuwa zikitengwa. Wamakonde walitambuliwa kuwa kabila la Kenya mwaka wa 2017, na Washona, maseremala hodari waliofika miaka ya sitini, waliahidiwa uraia Desemba 2020 na kupewa vyeti mwaka uliofuata. Njia basi iko, ijapokuwa imechukua umri wa mtu mzima.

Kamati yaleta mapendekezo yafuatayo mkononi mwa mkutano huu. Iandikwe barua kwa Mbunge wetu na kwa Idara ya Uhamiaji, kwamba muda wa kibali cha mtaalamu utazamwe pamoja na idadi ya raia anaowafundisha, na kwamba mhitimu wa kigeni wa sayansi na uhandisi apewe muda wa kutafuta kazi. Pili, sehemu ya mfuko wa elimu itumike kulipia tafsiri za vyeti vya Kifaransa vya jirani zetu wa Kawangware wenye taaluma, kwa sharti kwamba anayesaidiwa atafundisha hisabati au sayansi watoto wa Lindi siku za Jumamosi kwa mwaka mmoja. Pendekezo hili lilipita katika Kamati kwa kura chache, na Mwenyekiti ameruhusu lijadiliwe upya leo. Tatu, wazee watatu wateuliwe kuwa mashahidi wa kuzaliwa kwa vijana wetu, ili kijana aendapo kuomba kitambulisho asiende peke yake.

Daftari la majina ya vijana liko mezani kwa karani, na litafungwa saa kumi na moja jioni. Walioleta vyeti vya Kifaransa wavitoe pamoja na nakala mbili. Wazee walio tayari kwenda afisini siku ya Jumatatu wamwone Katibu kabla ya chai.